Ujue Uzi wa Pamba, Shambani na Dukani

Ninyi mlio tambarare, Kilosa, Mvomero, Ngerengere na Kisaki, na ninyi ndugu zetu mlio juu milimani, Mgeta, Matombo, Kinole na Bunduki, karibuni tuzungumze. Leo sina habari ya mbolea wala ya mvua. Nataka tuzungumze juu ya kitu kilicho mwilini mwako sasa hivi unaponisikiliza. Hebu shika upindo wa kanga yako, mama. Nawe mzee, shika ukosi wa shati lako. Hicho ulichoshika ni nini? Wengi mtajibu, "Ni kitambaa." Nami nitauliza tena: kitambaa cha nini?

Swali hilo lina fedha ndani yake. Mkulima wa pamba hulipwa kwa ubora wa uzi, na mtu huyohuyo akiingia dukani hutoa fedha kununua uzi. Nimewaona katika vituo vya kununulia pamba watu waliopalilia shamba mara tatu, wakanyunyiza dawa kwa wakati wake, kisha wakapoteza thamani ya kazi yote hiyo katika siku chache za kuchuma. Na nimewaona haohao, wakishapata fedha, wakienda mjini kununua shuka la pamba na kurudi na shuka lisilo na pamba ndani. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Tunalima uzi tusioujua.

Basi tuanze na uzi wenyewe. Ua la pamba likishachanua, ndani ya tumba changa kila mbegu huanza kuota nywele. Unywele mmoja ni seli moja tu, nyembamba kuliko unywele wa kichwani mwako. Kwa muda wa kama wiki tatu unywele huo hurefuka. Halafu huacha kurefuka, ukaanza kunenepa kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, kama fundi anayekandika nyumba akiwa amejifungia ndani yake. Tabaka hizo ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga mti na jani, ila katika pamba kiko safi mno, zaidi ya asilimia 90. Tumba linapopasuka, unywele uliokuwa mviringo kama mrija hukauka, hubonyea na kujipinda kama utepe uliosokotwa. Kujipinda huko ndiko kunakofanya unywele mmoja ushikane na mwenzake. Bila hivyo pasingekuwa na uzi wala kitambaa.

Yafaa ukumbuke habari hii ya kunenepa. Ukichuma tumba lililofunguka nusu, au mmea ukinyauka kabla ya wakati kwa sababu ya wadudu au ukame, unapata nywele zilizorefuka lakini hazikunenepa. Nywele hizo hukatika ovyo kiwandani, hufanya vifundo vidogovidogo, na hazishiki rangi vizuri. Wewe shambani unaona pamba nyeupe tu. Mnunuzi anaona jambo jingine.

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuweza kulinganisha, kwani mkoa wetu una nyuzi tatu. Kuna katani, ile ya mashamba makubwa ya Kimamba na Ngerengere, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Uzi wa katani hutoka ndani ya jani, ni mgumu, nao ni wa kamba na magunia. Kuna sufi, inayotoka katika matunda ya msufi. Halafu kuna pamba. Watu wengi hudhani uzi wa sufi ni sawa na wa pamba, eti ni pamba ya mtini. Hapana. Fanya jaribio hili leo jioni: chukua sufi kidogo na pamba kidogo, kila moja isokote kwa kiganja juu ya paja. Pamba itatoa uzi. Sufi itateleza na kutawanyika, kwa sababu unywele wake ni mnyoofu na laini, ndani ni mtupu, na nje umepakwa nta. Kwa sababu hiyohiyo sufi ni nyepesi na huelea majini, ndiyo maana zamani ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu baharini. Basi sufi iachie mto na godoro. Lakini chunga sana kibatari karibu na godoro la sufi, maana hushika moto upesi mno.

Sasa kwa nini nyumba zetu zimejaa pamba na si kitu kingine? Kwanza, pamba hunywa jasho. Hata ikiwa mikononi imekauka kabisa, ina unyevu ndani yake, kiasi cha sehemu 8 katika 100 za uzito wake, na huweza kupokea mwingine. Uzi wa poliesta, ambao hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, haufikishi hata sehemu 1. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa juu ya shuka la poliesta usiku wa Februari pale Kilosa huamka mgongo umelowa. Pili, na jambo hili ni la ajabu, pamba ikilowa huwa na nguvu kuliko ikiwa kavu. Unaweza kuichemsha, kuipiga juu ya jiwe, kuikamua watu wawili, nayo ikastahimili. Kwa nepi za mtoto, vitambaa vya akina mama vya kila mwezi, bandeji na mashuka ya mgonjwa, hakuna kitu kinachoishinda, kwani vitu hivyo lazima vichemke.

Hata utambi wa kibatari ni kazi ya pamba. Mafuta ya taa hupanda yenyewe katikati ya nyuzi mpaka kwenye mwali. Jaribu utambi wa kitambaa cha poliesta uone utakavyoyeyuka na kutoa moshi mweusi.

Lakini sitaki kuisifia pamba kupita kiasi. Ndugu zetu wa Mgeta na Bunduki wanajua ninachotaka kusema. Mama anatoka nyumbani alfajiri na tenga la mboga kichwani, ukungu umetanda, umande umejaa njiani. Kanga yake inalowa, na pamba iliyolowa haiachi maji upesi. Hunata mwilini na kunyonya joto. Kule juu, ambako vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600, pamba iliyolowa ni baridi tupu. Vaa pamba karibu na ngozi, lakini juu yake weka sweta au koti, na ubebe kanga ya pili iliyo kavu. Hali kadhalika vyandarua. Vingi vya siku hizi si vya pamba, nami sioni ubaya, kwa sababu chandarua hakihitaji kunywa jasho, kinahitaji kuwa chepesi na kutoota kuvu. Kila uzi una kazi yake.

Mlimani pamba haitumiwi vizuri nyakati zote, na hailimwi kabisa. Mmea huu unataka jua na joto, kisha unataka ukavu wakati tumba zinapasuka. Upande wa mashariki wa Uluguru mvua haikatiki sawasawa. Pamba yetu ni ya tambarare, hupandwa karibu na masika ili mvua iikuze, na kiangazi kiikute tayari kupasuka. Katika hesabu za taifa sisi ni wadogo. Pamba karibu yote ya Tanzania hutoka upande wa magharibi, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita na mikoa jirani. Hata hivyo kanda yetu ya mashariki ina kituo chake cha utafiti, Ilonga, hapohapo Kilosa. Mbegu zilizopewa herufi IL, mathalani IL 74 na IL 85, zilitoka Ilonga, kama vile zile za UK zilivyotoka Ukiriguru, Mwanza. Usichanganye mbegu za aina mbili katika shamba moja. Uzi mrefu na uzi mfupi wakikutana katika mashine moja hawapatani.

Wazee wetu hawakuipokea pamba kwa furaha, na kijana anapaswa kulijua hilo. Wakati wa Wajerumani watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya jumbe kwa malipo ambayo hayakustahili kuitwa malipo. Julai mwaka 1905, kule Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia katika shamba hilo wakang'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya Vita vya Maji Maji. Mwezi uliofuata vita vilifika Kilosa na Mahenge, yaani katika mkoa wetu huu. Kwa hiyo nikikushauri juu ya pamba leo, nakushauri kama mtu huru anayeweza kuamua kulima au kuacha. Lakini ukiamua kulima, usilime kwa hasara.

Haya, tuingie katika kuchuma. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, tena bila mvua wala mdudu kuhusika.

Pamba hununuliwa kwa daraja mbili. Ya kwanza ni safi, nyeupe isiyo na uchafu. Ya pili ni fifi, ile yenye madoa, manjano, au iliyoguswa na wadudu. Fifi kidogo ikichanganywa na safi haigeuki kuwa safi. Safi yote hugeuka fifi. Kwa hiyo kila mchumaji awe na mifuko miwili kiunoni, na achambue palepale kwenye mche, mkono ukiwa bado unagusa tumba. Kuna wanaosema watachambua nyumbani. Ndugu yangu, nyumbani kuna ugali wa kupika na mtoto analia, hutachambua. Na hata ukichambua, majani makavu yameshapondekapondeka ndani ya pamba, na jani lililopondeka halitoki kwa vidole.

Usiingie shambani kabla umande haujakauka. Pamba iliyochumwa na umande ikirundikwa hupata joto kwa ndani, huota kuvu na kugeuka manjano. Subiri tumba lifunguke lote. Lakini usisubiri mpaka pamba inaning'inia na kudondoka chini, maana hapo utagawana na vumbi na kangambili.

Huyu kangambili, mdudu mwekundu mwenye weusi, ambaye mara nyingi utawaona wawili wameshikana nyuma kwa nyuma, ndiye mwenye fifi. Yeye hali nyuzi. Anataka mafuta ya mbegu. Hudunga tumba bichi kwa mdomo wake mrefu mpaka aifikie mbegu, na kwenye tundu lile huacha kuvu. Tumba likifunguka unakuta pamba ina madoa ya kahawia na imeshikana. Na sasa msikilize vizuri, hasa ninyi wenye misufi na mibuyu karibu na shamba: kangambili huishi pia katika miti hiyo, na katika bamia. Sisemi ukate msufi. Nasema chunguza shamba lililo karibu na msufi kwanza na mara nyingi zaidi, uchume upesi pamba inapofunguka, na ukimaliza msimu ng'oa mabua yote ya pamba na kuyachoma, usimwachie chakula cha kumfikisha msimu ujao.

Wapo pia vidukari na inzi weupe. Hao hutoa kinyesi kitamu kama asali kinachodondokea pamba iliyo wazi. Mkulima anasema, "Si kitu, ni utelezi tu." Kiwandani kitu hicho hunata kwenye mashine, uzi ukakatika na mashine ikasimama isafishwe. Mnunuzi aliyesimamisha mashine mara moja kwa ajili ya pamba ya sehemu fulani hukumbuka jina la sehemu hiyo.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague mazungumzo haya. Ni kiroba. Nasema ule mfuko wa sandarusi uliokuja na mbolea au sukari. Karibu kila nyumba inavyo, ni vya bure, ni imara, na karibu kila mtu huchumia pamba au huihifadhi humo. Sasa tazama kiroba chakavu kwenye mdomo wake. Kinaachia nyuzi nyembamba zinazong'aa. Nyuzi hizo ni za plastiki. Zikiingia katika pamba huwezi kuziona, na mashine ya jineri haiwezi kuzitenga, kwani inazikatakata tu. Zinasokotwa pamoja na pamba, zinafumwa pamoja na pamba, halafu kitambaa kinaingia katika rangi. Pamba inakunywa rangi, plastiki inakataa. Jora zima linatoka na michirizi myeupe. Kitambaa kilichokusudiwa kuwa kanga nzuri kinauzwa kwa bei ya kutupa. Nani anayelipa? Mwenye kiwanda hukata kwa mwenye jineri, mwenye jineri hukata kwa mnunuzi, na mnunuzi hana mwingine wa kumkata isipokuwa wewe. Uzi mmoja wa kiroba umesafiri mpaka ng'ambo ukarudi kukudai shambani kwako.

Mkeka wa plastiki ni ndugu ya kiroba. Anika pamba juu ya jamvi la ukindu au shuka nyeupe la pamba, liwe juu ya kichanja, kuku wasifike. Usiiweke chumba kimoja na mafuta ya taa. Juu ya wale wanaonyunyizia pamba maji au kuitia mchanga ili iwe nzito, sina maneno mengi. Kilo wanazoziongeza wao hupunguza bei ya jirani zao wote katika chama kile kile cha ushirika, nanyi mnawajua.

Shika kalamu sasa tufanye hesabu ndogo. Kilo tatu za pamba mbegu, yaani pamba kama ulivyoichuma, hutoa kiasi cha kilo moja ya nyuzi na kilo mbili za mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kubaki mashudu ya ng'ombe. Doti moja ya kanga, zote mbili pamoja, haifiki nusu kilo. Usiniamini mimi, ipeleke kwenye mizani ya dukani. Basi doti hiyo ilihitaji pamba mbegu isiyozidi kilo moja na nusu. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kwa hiyo pamba iliyo katika doti ilimpa mkulima shilingi 1,800, haikuzidi. Jiulize mwaka ule doti uliinunua kwa shilingi ngapi. Tofauti ile si wizi wote, maana kuna kuchambua, kusokota, kufuma, kutia rangi na kusafirisha, na kila kazi ina ujira wake. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii hutoka ikiwa marobota, na ujira huo hulipwa mbali. Viwanda tulijenga. Urafiki pale Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Hapa Morogoro, miaka ya 1980, tulipata kiwanda cha turubai na kiwanda cha nguo cha Polytex, ambacho baadaye kilibinafsishwa kikaitwa 21st Century Textiles. Jina Polytex lenyewe lilitaja poliesta waziwazi, kwa hiyo hata kiwanda cha nyumbani si hakika ya pamba tupu.

Hapo tumeingia dukani. Bibi mmoja mwenye akili alinifurahisha sana katika soko la Morogoro. Alishika shuka, akalitazama, akamwambia kijana muuzaji:

"Mwanangu, hili ni pamba?"

"Pamba tupu, bibi."

"Basi nichomolee uzi mmoja wa pembeni, na mwingine wa huku upande wa pili."

Kijana akachomoa, kwa kuwa kumkatalia bibi mbele za watu si rahisi. Bibi akaomba kiberiti.

Nanyi fanyeni hivyo. Chomoa nyuzi mbili, mmoja wa urefu na mmoja wa upana, kwa sababu viwanda vingine hutia pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Ushike uzi kwa kibano au pini, mbali na nguo, uuwashe. Pamba huwaka kwa mwali, hunuka kama karatasi inayoungua, na kuacha jivu laini la kijivu linalopotea ukilipuliza. Poliesta huyeyuka kwanza, hujikunja, na kuacha kidonge kigumu cheusi usichoweza kukiponda kwa vidole. Ukipata jivu lenye punje ngumu ndani yake, huo ni mchanganyiko. Mchanganyiko si kitu kibaya. Sare ya shule ya mchanganyiko haikunjamani upesi na hukauka haraka. Ubaya ni kuuziwa mchanganyiko kwa bei ya pamba.

Yupo mmoja anayeupita mtihani huo wa moto, naye ni rayoni. Yeye hutengenezwa kiwandani kwa kuyeyusha miti, kwa hiyo ni selulosi kama pamba, na huungua vilevile. Mjaribu kwa maji. Lowesha uzi kwa mate, uuvute. Nilikwisha kusema kuwa pamba ikilowa huongeza nguvu. Rayoni ikilowa hulegea na kukatika.

Kisha sugua kitambaa kwa mikono yako miwili. Ukiona unga mweupe unatoka, ujue wamekijaza wanga ili kionekane kizito, na fuo la kwanza litakiondolea unene huo. Kiinue kwenye mwanga uone kama nyuzi zimekaribiana. Ujanja huo ni wa siku nyingi. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisicho na rangi, kikapendwa bara yote mpaka kikawa kama fedha ya misafara. Tukakiita merikani. Marekani walipopigana wao kwa wao, kuanzia 1861 hadi 1865, kitambaa chao kiliadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikashika soko. Jina merikani halikubadilika ingawa kitambaa kilitoka kwingine. Jina la nguo dukani si hati ya kuzaliwa.

Na kabla ya meli hizo tulikwisha kuujua uzi. Katika magofu ya Kilwa vimefukuliwa vigae vilivyochongwa mviringo vya kusokotea, na Wafipa walifuma nguo zao wenyewe za pamba vizazi kwa vizazi.

Ukishanunua, tunza. Jora la pamba lilowekwe usiku mmoja na kukaushwa kabla fundi hajakata, maana pamba hurudi. Wengi wamemlaumu fundi bure kwa gauni lililobana baada ya fuo la kwanza. Kanga mpya ifue peke yake kwa maji ya baridi mpaka maji yawe meupe, na iianike kivulini, ndani nje. Mashuka meupe yaanike juani kabisa. Kule milimani wakati wa mvua usikunje nguo yenye unyevu hata kidogo na kuitia sandukuni. Selulosi ni chakula cha kuvu, na doa la kuvu halitoki. Afadhali nguo ining'inie siku tatu ndani ya nyumba, ikipata joto la jikoni. Maji ya sabuni yamwage shambani, si kijitoni, kwa sababu kijito chako kinashuka kwenda Mindu au Ruvu, na kuna watu wanakunywa.

Nguo ya pamba ikichakaa huanza maisha mengine. Kanga inakuwa shuka la mtoto, shuka linakuwa nepi, nepi inakuwa dekio, na dekio likikatikakatika litie katika shimo la mboji, litaoza kama jani. La poliesta usilitie. Mjukuu wako atalikuta limelala palepale siku atakapochimba.

Mwisho nina kazi ya mikono kwa wale wa tambarare, tuifanye kabla tumba hazijaanza kupasuka. Tafuta merikani au shuka kuukuu jeupe la pamba. Usitumie kanga ya rangi, kwa sababu nayo huachia nyuzi za rangi ndani ya pamba. Shona mifuko miwili kwa kila mchumaji, mmoja mkubwa wa safi na mmoja mdogo wa fifi, upana wa mikono miwili, na mishipi ya kufunga kiunoni. Pindo zote zikunje kwa ndani na kuzishona mara mbili ili zisiachie nyuzi. Ushone na gunia moja kubwa la kubebea mpaka kituoni. Hapo viroba vyako vitabaki na kazi ya mkaa na mahindi.